Altrasaundi kwa jipu la kooni

Jipu la pembeni mwa tonsili ni usaha uliokusanyika kati ya ganda la tonsili na misuli ya koo. Mgonjwa huwa na homa, maumivu makali upande mmoja, sauti iliyofifia na kuwa nzito, mdomo usiopanuka, na kimio (kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo) kilichosukumwa upande wa pili. Lakini uvimbe usio na usaha nao huleta karibu dalili hizohizo, na huo hutulia kwa antibiotiki bila kutobolewa. Altrasaundi huonyesha kama kuna usaha, uko wapi, na uko kina gani.

Hutumika kile kipimio chembamba cha kupimia kupitia ukeni, cha megahezi 5 hadi 10, kikiwa kimesafishwa na kuuawa vijidudu. Tia jeli ndani ya kondomu, ivishe, kisha ondoa mapovu yote, kwani hewa huziba picha. Pulizia koo ganzi ya lidokeini, usubiri ikolee. Gusa uvimbe taratibu. Ukikandamiza, mgonjwa atakokomoka na kipimo kitaishia hapo. Anza na upande usio na uvimbe ili upate cha kulinganisha.

Jipu huonekana kama doa jeusi au la kijivu lenye ukingo, na nyuma yake hung'aa zaidi kwa kuwa majimaji hayapunguzi sana nguvu ya mawimbi. Usaha mzito hudanganya: rangi yake yaweza kufanana na ya tonsili. Bonyeza kidogo uone kama kuna kitu kinachozunguka ndani.

Kinachotisha zaidi ni ateri ya karotidi, mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani, iliyo nyuma na kando ya tonsili, kwa mtu mzima takriban sentimita 2 hadi 2.5 tu. Itafute kwa Doppler ya rangi, yaani altrasaundi inayoonyesha damu inavyotiririka, kabla ya kushika sindano ya kuvutia usaha, upime umbali wake. Tumia sindano ya geji 18, ukate ncha ya kifuniko chake cha plastiki ili sindano itokeze sentimita 1 tu. Ielekeze nyuma moja kwa moja, kamwe si kando. Ukishavuta usaha, pima tena. Mfuko uliobaki hurudisha jipu.

Mdomo ukikataa kufunguka, pima kwa nje, chini ya taya, kwa kipimio bapa. Shingo ikikakamaa, mate yakimdondoka au akivuta pumzi kwa mlio, usimlaze wala usimwingize kipimio mdomoni: linda njia ya hewa kwanza. Jipu la nyuma ya koo altrasaundi hulikosa kirahisi. Hilo ni la CT scan.