Saa ya Mlango: Kupanga Msafara wa Boti za Injini kwa Maji na Upepo

Kikundi kinachonijia kutaka kupangiwa msafara wa boti za injini huwa tayari kina tarehe, saa ya kuondoka na orodha ya abiria. Kilichobaki, kwa maoni yao, ni mimi kuangalia kama siku hiyo bahari itakuwa shwari. Mimi huanzia upande wa pili. Kabla ya kugusa kalenda, natandaza ramani ya bahari ya njia nzima na kutafuta mahali pamoja ambapo maji ndiyo yenye amri: fungu la mchanga mbele ya bandari, upenyo kati ya miamba, mdomo wa mto, au daraja ambalo boti zenye kimo kirefu hazipiti chini yake maji yakiwa yamejaa. Mahali hapo nitapaita mlango. Saa ya kupita mlango ndiyo ya kwanza kuandikwa katika mpango, na saa nyingine zote, ile ya kung'oa nanga ikiwa mojawapo, huhesabiwa kurudi nyuma kutoka hapo.

Msingi wa hesabu yenyewe si mgumu. Katika sehemu nyingi za dunia maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, kwa hiyo saa za leo husogea mbele kesho kwa dakika kama 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, au siku moja mbili baada ya hapo, huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo. Kina kinachoandikwa kwenye ramani si cha siku yoyote mahususi. Hupimwa kutoka kiwango cha chini ambacho maji hushuka zaidi yake kwa nadra tu, na ndiyo maana urefu wa maji unaosomwa kwenye jedwali la kupwa na kujaa hujumlishwa juu yake.

Tuchukue mfano. Mlango una kina cha mita 0.8 kwenye ramani. Siku inayotakiwa ni ya bamvua: maji yanapwa saa 12:10 asubuhi yakiwa na urefu wa mita 0.6, yanajaa saa 6:20 mchana yakifika mita 3.6, kisha yanapwa tena saa 12:30 jioni. Boti inayozama zaidi katika msafara inahitaji mita 1.1 kutoka usawa wa maji hadi ncha ya chini ya panga boi. Naongeza mita moja nzima ya akiba, kwa sababu wimbi linapopita huishusha boti katika bonde lake, na kwa sababu mafungu ya mchanga huhama bila kuiarifu ramani. Tunahitaji basi mita 2.1 za maji; ukitoa zile 0.8 za ramani, jedwali lazima litupe mita 1.3.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Kanuni ya kukadiria inayotumiwa na mabaharia hugawa tofauti ya kujaa na kupwa katika sehemu 12: saa ya kwanza hupanda sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, na ya sita moja. Tofauti yetu ni mita 3, hivyo sehemu moja ni sentimita 25. Baada ya saa ya kwanza tuna mita 0.85, na baada ya ya pili mita 1.35. Mlango unafunguka saa 2:15 asubuhi na kufungwa saa 10:25 alasiri, kwa kuwa maji hushuka kwa mpangilio uleule kinyumenyume. (Kanuni hii hufaa pale maji yanapojaa na kupwa mara mbili kwa siku kwa ulinganifu; mahali penye tabia tofauti, tumieni mchoro wa bandari husika na muiache kabisa.)

Hapo ndipo wapangaji wengi huweka kalamu chini. Wameona nafasi ya zaidi ya saa nane, wanapanga kutoka mlangoni saa 2:30 asubuhi, kwenda kisiwani maili 15 za baharini mbele, kupumzika, kuondoka kisiwani saa 9:00 alasiri na kurudi. Kwa noti 12, yaani maili 12 za baharini kwa saa, ambazo ni kama kilomita 22, watafika mlangoni saa 10:15, dakika kumi kabla haujafungwa. Kama mawimbi yatawapunguza hadi noti 9, watafika saa 10:40, na boti ya kwanza itakayogusa mchanga itapwelewa hapo mpaka usiku, ikipigwa na mawimbi muda wote.

Lakini hata wakiwahi, kina hakitakuwa tatizo lao kubwa. Tatizo litakuwa mkondo. Maji yanayotoka ndani kupitia mlango mwembamba hukimbia kwa kasi zaidi katika saa ya tatu na ya nne ya kupwa, na kwa mfano wetu hiyo ni kuanzia saa 8:25 hadi saa 10:25 alasiri. Wakati huohuo nchi kavu imekwisha kupata joto, hewa yake imepanda, na upepo wa baharini unavuma kuelekea pwani. Maji yanatoka, upepo unaingia. Mawimbi yanayosukumwa na upepo yakikutana na mkondo unaoyapinga hufupika, huinuka wima na kuanza kuvunjika, hata kama upepo wenyewe si mkali. Boti inayorudi inapokea mawimbi hayo kwa nyuma, mahali ambapo ni rahisi zaidi kupoteza usukani, ikageuka ubavu na kupinduka. Kutoka upande wa bahari nahodha huona migongo ya mawimbi tu, na migongo hiyo huonekana miepesi kuliko nyuso zake.

Kwa hiyo mlango mmoja una saa mbili: saa ya kina na saa ya mawimbi. Ya kina inaturuhusu hadi saa 10:25. Ya mawimbi inatutaka tuwe tumepita karibu na wakati wa maji kujaa, kabla mkondo wa kupwa haujapata nguvu, tuseme saa 7:00 mchana. Naongeza tahadhari kwamba mkondo haugeuki lazima dakika ileile maji yanapofika kimo chake cha juu. Mahali pengine huchelewa au kutangulia kwa muda wa kutosha kuharibu mpango, na majedwali ya mikondo, pale yanapopatikana, husomwa peke yake. Asubuhi wakati wa kutoka tutakutana na mkondo wa kujaa ukitujia usoni, jambo litakalotugharimu muda na mafuta, lakini upepo ukiwa bado mlegevu maji yatakuwa laini.

Ukikubali saa 7:00, hesabu inabadilika. Kuondoka kisiwani ni saa 5:30 asubuhi, ili kwa noti 12 tufike mlangoni saa 6:45, na kwa noti 9 tufike saa 7:10. Kwa kuwa tuliingia kisiwani saa 3:45, mapumziko yamekuwa ya saa moja na dakika 45. Hapo kikundi hulalamika, na kina haki ya kulalamika. Jibu langu ni kwamba tarehe ndiyo mbaya. Tukisogeza safari kwa wiki moja hadi maji mafu, mlango uleule unaweza kuwa na tofauti ya mita 1.2 tu, maji yakipwa hadi mita 1.5 na kujaa hadi 2.7. Kiwango cha chini kinazidi mita 1.3 tulizohitaji, maana yake mlango haufungwi kutwa nzima, na mkondo, ambao nguvu yake hufuata tofauti hiyo, unakuwa kama asilimia 40 ya ule wa bamvua. Upepo wa alasiri utakuwepo bado, ila utakuwa na kidogo cha kupigana nacho. Kuna njia nzuri ambazo ningeziongoza siku za maji mafu pekee, na hakuna utabiri wa hali ya hewa ungenishawishi vinginevyo.

Jambo dogo lenye uwezo wa kuvuruga yote haya: majedwali mengi huchapishwa kwa mfumo wa saa 24, na baadhi hutumia saa za kimataifa badala ya saa za mahali. Mtu mmoja akiandika 08:15 kwenye ujumbe wa kikundi na mwingine akasema saa nane na robo, mtakuwa na nusu ya msafara gatini asubuhi na nusu mchana. Mpango wangu huandika kila saa kwa mfumo mmoja, pamoja na neno asubuhi, mchana au alasiri.

Utabiri wa hali ya hewa naanza kuusoma siku tano hadi saba kabla, si kwa ajili ya kuamua bali kuona mwelekeo, hasa kama utabiri wa leo unafanana na wa jana kuhusu siku ileile. Utabiri unaobadilika kila siku ni taarifa pia: unasema hali ya anga haijatulia. Uamuzi wa kweli hufanywa ndani ya saa 48 za mwisho. Kasi ya upepo inayotajwa ni wastani, na vishindo vyake vinaweza kuzidi wastani huo kwa theluthi moja au zaidi. Kimo cha mawimbi nacho huwa ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi makubwa zaidi. Ukisoma mita moja, tegemea kukutana mara mojamoja na wimbi linalokaribia mita mbili.

Takwimu ninayoithamini kuliko zote ni ile ambayo wengi huiruka, yaani muda kati ya wimbi na wimbi. Kwenye maji ya kina kirefu, mawimbi yanayopishana kwa sekunde 8 hutenganishwa na mita kama 100, na boti ya mita saba huyapanda na kuyashuka bila shida. Yakipishana kwa sekunde 4, umbali huo ni mita 25 tu: boti haijamaliza kushuka wimbi la kwanza kabla gubeti, yaani ncha yake ya mbele, halijachomwa ndani ya la pili. Kimo cha wimbi ni mita moja katika hali zote mbili, lakini safari ya kwanza ni matembezi na ya pili ni adhabu ya mgongo.

Sasa, msafara si boti moja iliyozidishwa. Mwendo wake ni ule wa boti dhaifu zaidi katika mawimbi, wala si mwendo ambao mwenye boti hiyo anautangaza kwa maji tulivu. Boti ndogo nyepesi iliyozoea kuteleza juu ya maji kwa noti 20 inaweza kulazimika kushuka hadi 8 bahari ikichafuka, na katika mwendo huo wa kati, ambapo haitelezi wala haielei kwa utulivu, hutumia mafuta mengi kwa kila maili. Ndiyo maana nadai kila boti ibebe mafuta kwa mgawo wa tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi isiyoguswa. Nafasi kati ya boti na boti mlangoni lazima iwe ya kutosha iliyo mbele kusimama ghafla. Boti nane zikipishana kwa dakika mbili, ya mwisho inapita dakika 14 baada ya ya kwanza, na ni saa ya hiyo ya mwisho inayopaswa kuandikwa katika hesabu ya maji. Nahodha mzoefu zaidi namweka mkiani. Anayeongoza anahitaji kuijua njia. Aliye nyuma huona kila kinachoharibika.

Masharti ya kuahirisha tunayaandika kabla utabiri haujatoka, kwa namba. Kwa boti ndogo za wazi naweka wastani wa upepo usiozidi kilomita 28 kwa saa, ambao ni kikomo cha juu cha daraja la 4 katika kipimo cha Beaufort cha nguvu ya upepo, mawimbi yasiyozidi mita moja, na uwezo wa kuona usiopungua maili mbili. Utabiri wa ngurumo huahirisha safari bila mjadala. Saa ya kuamua ni saa 12:00 jioni ya siku iliyotangulia. Mkisubiri alfajiri, watu wamekwisha kusafiri kutoka mbali, mafuta yamelipiwa, watoto wamevaa jaketi za kuokolea maisha, na kila mmoja anatafuta sababu ya kwenda. Hata hivyo kila nahodha hubaki na mamlaka ya kuigeuza boti yake wakati wowote, na hakuna anayemuuliza mbele ya abiria wake.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, sura ya 5, kanuni ya 34, unamtaka nahodha kupanga safari kabla ya kuondoka, na Uingereza huitumia kanuni hiyo hata kwa boti za starehe. Mpango wetu hutoshea kwenye ukurasa mmoja: saa za mlango, mahali pawili pa kukimbilia upepo ukibadilika, chaneli ya redio ya kuzungumza baina yetu huku chaneli 16 ya VHF, ile ya wito wa dharura, ikisikilizwa, na majina ya walio katika kila boti. Nakala moja hubaki kwa mtu aliye nchi kavu, ikiwa na saa ambayo asipotusikia anapaswa kuwaarifu waokoaji. Kwa mfano wa bamvua hapo juu ningeandika saa 9:30 alasiri: wakati huo tungekuwa tumechelewa kufika gatini kwa saa mbili, mlango ungekuwa na karibu saa moja kabla ya kufungwa, na boti ya waokoaji ingeweza kutoka kabla maji hayajaizuia.