Mkaa uliokolea ndani ya hema

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba hatari ya jiko ni moshi. Mkaa ukishakolea ukawa mwekundu, jiko huingizwa ndani na mlango ukafungwa. Imani hii inaeleweka: moshi huwasha macho, na ukiisha mtu hupumua vizuri. Kwenye hema la waathirika wa tetemeko, kama yale ya Uturuki na Siria majira ya baridi ya 2023, kishawishi hicho ni kikubwa zaidi.

Ila mkaa mwekundu huendelea kutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Sufuria ya maji kando ya jiko, tuliyoizoea, haiinyonyi.

Dalili unaweza kuzichunguza mwenyewe. Watu wawili watatu wakiumwa kichwa kwa pamoja, wakasikia kizunguzungu au kichefuchefu, kisha wakapata nafuu wakitoka nje, shuku jiko, si malaria. Wote watoke na wapelekwe hospitali. Vipo ving'ora vya gesi hii. Soma maandishi kwenye boksi, maana king'ora cha moshi hakiigundui.

Na joto? Mwili hunyang'anywa joto sana na ardhi. Japani, makazi ya dharura hutumia hata vitanda vya maboksi. Mwenye blanketi mbili, moja aitandike chini, juu ya maboksi au mkeka. Maji yachemshwe nje, yatiwe kwenye chupa isiyovuja, izungushiwe khanga, iwekwe miguuni.