Fyodi za Norway: dhana potofu kuhusu tarehe na idadi ya siku

Wengi wetu Nairobi tukipanga kwenda kuona fyodi za Norway, zile ghuba ndefu zilizochongwa na barafu kati ya milima, tunaanza na nauli. Kalenda inafikiriwa mwisho, na hapo ndipo hela zinapopotelea.

"Desemba shule zimefungwa, tutaona kila kitu." Dhana hii inaniuma zaidi, maana familia hujinyima kwa muda mrefu kwa ajili ya safari kama hiyo. Sisi wa karibu na ikweta jua letu huchomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima, kwa hiyo mchana hatuuhesabu. Bergen, mji wa pwani ya magharibi ya Norway, kuelekea Krismasi jua huchomoza karibu saa nne asubuhi na kuzama yapata saa tisa na nusu alasiri. Tromsø, kaskazini zaidi, halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Barabara ya Trollstigen, yenye kona 11 kali, hufungwa majira ya baridi, na kwa kawaida hufunguliwa karibu mwisho wa Mei. Desemba inamfaa anayefuata nuru za kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku, kwa sababu zinahitaji giza.

Wapo pia wanaoamini kwamba nuru hizo huonekana wakati wowote, mradi ufike kaskazini. Sivyo. Mwezi Juni jua la Tromsø halizami, na anga yenye mwanga huzificha. Itabidi uchague: jua la usiku wa manane au nuru za kaskazini.

"Agosti ndiyo bora." Kwa kutembea milimani ni nzuri kweli, na watoto wako likizo. Ila maporomoko ya maji hulishwa na theluji inayoyeyuka, hivyo hunguruma zaidi Mei na Juni. Yale ya Seven Sisters katika Geirangerfjord hupungua sana majira ya joto yakielekea ukingoni. Mei miti ya matunda ya Hardanger, eneo la fyodi karibu na Bergen, huchanua, na Bergen, mji wa mvua, huwa na nafuu kuanzia Aprili hadi Juni. Kama hufungwi na shule, nenda mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni: jua la Bergen huzama kuelekea saa tano usiku, na siku moja inakutosha kwa mengi.

"Siku kumi zatosha Norway, Uswisi na Paris." Treni ya Oslo hadi Bergen peke yake huchukua karibu saa saba. Hesabu mahali utakapolala, usihesabu nchi. Kwa siku kumi, Oslo, kijiji cha Flåm kwenye fyodi, na Bergen zinatosha, na ubakize siku moja tupu kwa ajili ya mvua.

"Visa ya Schengen, ile moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya ikiwemo Norway, ni ya siku 90." Siku 90 ndani ya 180 ni kikomo tu. Soma idadi ya siku kwenye stika yako. Inaweza kuwa ndogo kuliko muda ulio kati ya tarehe mbili zilizoandikwa hapo. Siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa, kwa hiyo ndege ya kurudi inayoondoka baada ya saa sita usiku inakula siku nyingine. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na uamuzi unaweza kuchukua hadi siku 45. Anayelenga mwisho wa Mei anaweza kupeleka karatasi zake tangu mwisho wa Novemba.