Mnyororo wa efekti ni nini?

Mnyororo wa efekti ni plagini kadhaa zilizopangwa kwenye treki moja ya sauti, yaani mstari mmoja wa rekodi, hivi kwamba kinachotoka kwenye ya kwanza ndicho kinachoingia kwenye ya pili, na ya pili inaipelekea ya tatu, mpaka mwisho. Plagini yenyewe ni programu ndogo inayoishi ndani ya programu kubwa ya kuhariri sauti, iwe Audacity, Reaper au Ardour. Moja inakata besi, nyingine inalainisha herufi "s", nyingine inaongeza mwangwi. Vijana wengi wanaoanza kazi hii hapa Kampala hutumia usiku mzima kutafuta plagini mpya, na mpangilio hawauwazii kabisa. Ilhali plagini zile zile tatu, zikibadilishana nafasi, hutoa sauti nyingine kabisa.

Chukua rekodi ya kawaida. Mtangazaji anasoma taarifa kwa Kiswahili katika chumba kidogo Kisenyi. Anapopaza sauti, kilele chake kinafika desibeli -6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti; hapa sifuri ndiyo dari, na namba ikizidi kushuka chini yake sauti inazidi kuwa ndogo). Mngurumo wa chumba, yaani feni ya laptop, friji ya jirani na boda boda za mbali, uko -50. Kati yake na mtangazaji kuna nafasi ya desibeli 44, na kwa nafasi hiyo msikilizaji wa redio hausikii mngurumo.

Sasa weka kompresa. Kazi yake ni kuibana sauti kila inapopita kiwango ulichochagua, tuseme -18, kwa uwiano wa 4 kwa 1. Kilele cha -6 kimepita kiwango kwa desibeli 12, kompresa inaziacha 3 tu, na kilele kinashuka hadi -15. Sauti imekuwa ndogo, kwa hiyo unapandisha treki yote kwa desibeli 9 ili kilele kirudi pale pale, -6. Mngurumo ulikuwa chini ya kiwango, kompresa haikuugusa, lakini ulipopandisha treki nao ulipanda, kutoka -50 hadi -41. Ile nafasi ya 44 imebaki 35. Mtangazaji anaponyamaza kuvuta pumzi, chumba kizima kinasikika. Ndiyo sababu kazi ya kusafisha huja kabla ya kompresa: uchafu ulioondolewa mapema haupo tena wa kupandishwa.

Besi nayo hutangulia, kwa sababu nyingine. Mwambie mtu asome "bei ya posho imepanda" karibu na maiki. Kila "b" na "p" inasukuma pumzi, na pumzi hiyo ni besi nzito ambayo spika ya simu hata haiitoi. Kompresa hupima nguvu ya sauti bila kujua neno ni lipi, hivyo inaibana sentensi nzima kwa ajili ya pumzi ambayo hakuna atakayeisikia. Weka kichujio kinachokata kila kilicho chini ya Hertz 80 (Hertz hupima uzito au wembamba wa sauti: namba ndogo ni besi, kubwa ni sauti nyembamba), kisha kompresa ifuate. Sauti ya mwanaume huanzia karibu Hertz 85, kwa hiyo hujamkata chochote cha maana. Umeme wetu Uganda ni wa Hertz 50, na kichujio hicho hupunguza pia mngurumo wake wa msingi. Lakini marudio yake, yaani milio inayojirudia juu yake kwenye Hertz 100 na 150, yatabaki, na hayo yanahitaji vichujio vyembamba vinavyochimba pale pale tu.

Mvua juu ya mabati ni habari nyingine. Inajaza masafa yote, kuanzia besi hadi sauti nyembamba, kwa pamoja, yakiwemo yale ya sauti ya binadamu, na haitulii. Plagini ya kuondoa kelele itaipunguza kweli, ila itamwacha msemaji akisikika kama yuko ndani ya bomba. Ushauri wangu ni kusubiri mvua ikatike, kisha urekodi upya.

Baada ya kompresa huja ikwalaiza (plagini ya kupandisha au kushusha besi na sauti nyembamba) ya kurembesha, ile ya kuongeza uwazi kidogo. Plagini ya kulainisha "s" na "sh" hukaa karibu nayo, na huhitajika zaidi baada ya kompresa, kwani kompresa huzipa herufi hizo ukali. Mwangwi unafuata baadaye, na limita inafunga mlango mwishoni ili kilele kisivuke mpaka uliouweka. Kwa podikasti, Apple inapendekeza wastani wa karibu LUFS -16 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia) na kilele kisichozidi desibeli -1.

Mwangwi una tabia ya pekee. Ukirekodi kaswida yenye waimbaji sita, usiweke plagini ya mwangwi kwenye kila treki. Katika Reaper au Ardour, tengeneza treki moja ya pembeni yenye plagini moja, halafu kila mwimbaji umpelekee kiasi chake. Kompyuta haitachoka, na jambo kubwa zaidi, waimbaji wote watasikika wamesimama katika ukumbi mmoja badala ya sita tofauti.

Kwa muda mrefu watumiaji wa Audacity hawakuwa na mnyororo wa namna hii. Efekti ilikuwa inaandikwa moja kwa moja ndani ya sauti, na ukitaka kurekebisha unarudi nyuma hatua kwa hatua. Toleo 3.2, lililotoka 2022, lilileta efekti zinazofanya kazi wakati sauti inacheza: unaziweka, unazihamisha juu au chini, unazizima na kuziwasha, na rekodi ya asili inabaki salama. Efekti yake ya kuondoa kelele haimo katika utaratibu huo, maana lazima kwanza uionyeshe kipande chenye kelele tupu. Kwa hiyo itumie mwanzo kabisa, juu ya nakala, kisha ndipo ujenge mnyororo.

Kuhusu kuzipanga plagini zenyewe kwenye menyu: zikifika mia, kazi inasimama. Zipo za mfumo wa VST, uliobuniwa na Steinberg mwaka 1996, zipo za AU kwenye kompyuta za Apple, na LV2 upande wa Linux, na mara nyingi plagini moja hujitokeza mara mbili kwa sababu imesakinishwa kwa mifumo miwili. Fungua sehemu ya kusimamia plagini, zima nakala za ziada na zote usizozigusa. Zilizobaki zipange kwa kazi, si kwa jina la kampuni. Unapohariri huwazi nani aliitengeneza, unawaza kwamba "s" inachoma masikio.

Mnyororo ukishakubali, uhifadhi kwa jina linaloeleza hali: "mwanamke, maiki ya mezani", "mahojiano ya simu". Jina kama "mpya2" halitakusaidia mwezi ujao. Na hata uliohifadhiwa usiuamini kwa macho: kiwango cha -18 kilichomfaa jana mtu mwenye sauti kubwa hakitamgusa mnong'onaji wa leo. Mpangilio unaweza kubaki ule ule, namba lazima zipimwe upya.

Halafu kuna hizi plagini za kuvunjwa, yaani za kulipia zilizoondolewa kufuli ili zitumike bure, zinazozunguka kwa flashi kutoka studio moja hadi nyingine. Naelewa bei ni kubwa kwa mtu anayelipwa kidogo kwa kila tangazo. Lakini zinaweza kubeba virusi, na kazi niliyoieleza hapa inafanyika kwa plagini zinazokuja na Reaper bila kuongeza kitu, na sehemu kubwa yake hata kwa zile za Audacity.

Tatizo hujitokeza pale mradi unaposafiri. Ukimtumia mwenzako wa Busia mradi wenye plagini asiyonayo, programu yake itaacha pengo katika mnyororo na treki itasikika nusu tupu. Mtumie faili mbili kwa kila treki: moja ikiwa na efekti zimeshaandikwa ndani, nyingine kavu kama ilivyotoka kwenye maiki. Ongeza faili fupi ya maandishi yenye mpangilio wa plagini na namba zake, ili akitaka kubadilisha kompresa ajue ilikuwa baada ya nini na kabla ya nini.