Riwaya ya majini: ya mtoto, ya kijana au ya mtu mzima?

Ukiandika riwaya ya fantasia hapa Unguja au Pemba, kila anayeusoma mswada wako ana jibu lake kuhusu umri wa msomaji. Mengi ya majibu hayo hayana mashiko.

Dhana: Yenye majini na mizuka ni ya watoto

Katika *Babu Alipofufuka* (2001) ya Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, marehemu anamrudia mjukuu wake. Mpe mtoto wa skuli ya msingi uone kama atafika mbali. Ni riwaya ya watu wazima, inayowahoji wakubwa na ubinafsi wao.

Dhana: Ikimwagika damu, watoto wasiione

Hii ndiyo inayonishangaza zaidi, maana tumelelewa kwa hadithi za nunda. Imo katika ngano alizozikusanya Edward Steere hapa Zanzibar na kuzichapisha London mwaka 1870: paka wa sultani alianza na mifugo, akaishia kula watu, wakiwamo wana wa sultani mwenyewe. Kitinda mimba anatoka kumsaka. Kila akirudi na mnyama aliyemuua, mama yake humwambia huyo siye. Watu wanaliwa, naam, lakini msimulizi hakai juu ya maiti. Anakwenda mbio na yule kijana. Kinachomtoa mtoto kwenye hadithi ni kutuama katika mateso na kuyaeleza kwa kina.

Dhana: Umri wa mhusika ndio umri wa msomaji

Wachapishaji wa Uingereza na Marekani hutenga miaka 8 hadi 12, kisha 12 hadi 18. Ni kweli kwamba watoto hupenda kusoma habari za waliowazidi kidogo. Lakini Bilbo, mhusika mkuu wa *The Hobbit* (1937), riwaya ya watoto ya J.R.R. Tolkien, ana miaka 50! Aliyeusoma mswada kwa niaba ya mchapishaji ni mwanawe, Rayner Unwin, wa miaka 10, akasema unawafaa wa miaka 5 hadi 9. (Yeye, bila shaka, alishakuwa mkubwa.)

Dhana: Kinene ni cha wakubwa

Fantasia huruhusiwa kurefuka kwa sababu inajenga ulimwengu wake. Ya vijana hufika hata maneno 100,000.

Mimi huangalia jambo linalomsumbua mhusika, na nani anayelisimulia. Tuseme msichana wa miaka 12 anakutana na jini katika msitu wa Ngezi. Akihangaika kumwokoa mdogo wake warudi nyumbani kabla ya magharibi, hiyo ni ya miaka 8 hadi 12. Mfanye wa miaka 16, agundue kwamba wazee walimwekea nadhiri na jini tangu utotoni, akatae kuitimiza huku moyo umeshamwelekea mtoto wa jini huyo: hiyo ni ya vijana. Na kama anayesimulia ni yeye mwenyewe akiwa bibi mwenye wajukuu, akiyapima majuto yake, mswada huo ni wa watu wazima, hata kama ndani yake bado ana miaka 12.