Bakteria wa tumboni sio uchafu wa kufagia

Hapa Dodoma tangu nikiwa mdogo nasikia bakteria wa tumboni ni uchafu, basi watu wanakunywa dawa ya kuharisha eti wanasafisha tumbo, na juzi shangazi yangu pale soko la Majengo kaambiwa inakinga mpaka kansa ya kongosho, kile kiungo nyuma ya tumbo kinachotengeneza insulini. Hapana jamani. Wengi wa hao bakteria tunawahitaji, wanachachua nyuzinyuzi za ugali wa uwele na mlenda wanatoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Shida ni mchanganyiko ukivurugika. Mwaka 2018 watafiti Marekani walionyesha kwa panya kwamba bakteria wa utumbo wanaweza kuhamia kwenye kongosho na kudhoofisha kinga ya mwili penye uvimbe wa kansa, ila 2019 wengine wakakuta wagonjwa wa kansa hiyo walioishi miaka mingi baada ya upasuaji, uvimbe wao ulikuwa na bakteria wa aina nyingi zaidi, kwahiyo sio suala la kuua wote.

Kinachoongeza hatari ya kansa ya kongosho ni sigara, unene uliozidi, kisukari aina ya 2. Na mtu wa miaka 50 na kitu akipata kisukari ghafla huku anakonda bila sababu, inaweza kuwa dalili ya kansa hiyo, tafadhali asinunue dawa ya kuharisha, aende hospitali amwambie daktari yote mawili.