Dawa ya minyoo haichomi

Kazi yangu ni kuchunguza neva, yaani mishipa ya fahamu, za minyoo wa mifugo, na wiki hii nimeulizwa tena: "Mnyoo mwenyewe hana kichwa, hizo neva zake mnazitafuta wapi?" Safari hii muulizaji hakuwa mfugaji wa Pongwe mwenye mbuzi wake wanne. Ni msomi, mtu ambaye kalamu yake inapitisha bajeti. Kisha akaongeza lile ninalolisikia kila mahali huku Tanga, kuanzia Mkinga mpaka Handeni: dawa inamchoma mnyoo, basi tafuteni dawa kali zaidi.

Haimchomi. Chukua jike la Haemonchus contortus, mnyoo wa tumbo la nne anayetumalizia mbuzi na kondoo msimu wa mvua. Machinjioni, tumbo likiwa bado la moto, unamwona kwa macho: sentimeta 2 mpaka 3, utumbo umejaa damu, na mirija ya mayai meupe imeuzunguka, nyekundu nyeupe, nyekundu nyeupe, mwili mzima. Mtie kwenye maji ya chumvi yenye joto la mwili wa mbuzi, atajipinda bila kuchoka. Dondoshea levamisoli, dawa ya minyoo: anakakamaa, misuli yote imejikaza na haiachii. Mwingine mpe ivamektini, dawa nyingine ya minyoo: analegea, na koo lake linaacha kufyonza. Ukiwatazama kwenye hadubini, ngozi zao wote wawili ni nzima. Levamisoli imejifanya asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kuuamuru msuli ujikaze, imekalia kipokezi chake kwenye msuli na kukiacha wazi. Ivamektini imefungua njia za kuingizia kloraidi ndani ya seli, zinazotii glutameti, kemikali nyingine ya neva, seli ikanyamaza. Zote mbili ni dawa za neva. Albendazoli, dawa ya tatu, ndiyo inayopita njia nyingine, inashika tubulini, protini ya kiunzi cha ndani ya seli.

Na neva zenyewe hazifichiki. Pete nzima imezunguka koo, na kutoka hapo kamba mbili kubwa zinashuka, moja mgongoni na moja tumboni.

Imani hii ya kuchoma ina hasara. Mfugaji akiona dawa imeshindwa, anakwenda dukani kununua chupa ya rangi nyingine, ya bei zaidi, akidhani amepata kali. Ndani ni ivamektini ile ile. Mnyoo ambaye ile ya kwanza haikumweza, hii pia haimwezi, na jike mmoja hutaga mayai 5,000 mpaka 10,000 kwa siku. Hesabu ya malisho ifanye mwenyewe.

Linaloniudhi zaidi linatoka kwa wenzetu wa maabara. Wao wanakubali kwamba neva zipo, ila wanasema: nyuroni (seli za neva) 302 tu, mchoro wote wa miunganisho yake ulishachapishwa 1986, kimebaki nini? Kwanza, 302 ni za Caenorhabditis elegans, mnyoo wa udongo na vitu vinavyooza, ambaye hajawahi kuingia tumboni mwa mbuzi. Pili, mchoro ule unaonyesha nyuroni ipi inagusana na ipi. Hauonyeshi nini kinamwagwa nje ya maungio hayo, na nyuropeptaidi ndiko ziliko. Ni vipande vifupi vya protini. Nyuroni ikivitoa, vinasambaa na kufika mpaka kwenye seli ambazo haigusani nazo kabisa. Gari la matangazo likipita Ngamiani, barabara zote wanasikia, ila anayetoka nje ni yule tangazo linalomhusu. Kwa mnyoo, anayehusika ni mwenye kipokezi. C. elegans mwenyewe ana zaidi ya jeni 100 za nyuropeptaidi kwa nyuroni 302. Uchache wa nyuroni haumfanyi kuwa mnyonge wa lugha.

Mfano ni nyuropeptaidi iitwayo AF2: amino asidi (matofali ya protini) 7, ilitolewa kwanza kwenye Ascaris suum, mnyoo mkubwa wa nguruwe, kisha ikapatikana kwenye Haemonchus kwa mpangilio ule ule wa amino asidi. Kwenye msuli wa Ascaris, AF2 inaufanya uitikie asetilikolini kwa nguvu zaidi, na hali hiyo inaendelea hata ukishaiosha. Halafu kuna nyingine, AF8. Msuli wa tumboni inaukaza, wa mgongoni inaulegeza. Molekuli moja, mnyoo mmoja, pande mbili zinafanya kinyume. Hilo nalo nionyeshe kwenye mchoro wa 1986.

Kwa hiyo tunapoomba fedha za kusoma nyuropeptaidi, hatuombi za anasa. Dawa tulizonazo zinagusa sehemu chache sana za mfumo huu, na hizo hizo ndizo minyoo wanazozibadilisha. Sehemu kubwa iliyobaki haijaguswa: hakuna dawa ya minyoo ya mifugo sokoni iliyobuniwa kulenga vipokezi vya nyuropeptaidi vya mnyoo.

Lakini vitabu vinaandika habari hii kwa uhakika ambao mimi sina. Nyuropeptaidi yenyewe haiwezi kuwa dawa ya kunywesha, itasagwa tumboni mwa mbuzi kabla ya kumfikia mnyoo. Inabidi upate molekuli ndogo inayokaa kwenye kipokezi chake. Vipokezi navyo vinashirikiana: kimoja kinasikia peptaidi kadhaa, peptaidi moja inasikika na vipokezi kadhaa, na ukizima jeni moja mara nyingi mnyoo anatambaa kama kawaida. Kuzima jeni kwenye Haemonchus kwenyewe kunakubali kwa jeni hii na kukataa kwa ile. Tena mengi tunayoyajua kuhusu misuli yametoka kwa mnyoo wa nguruwe, kwa sababu ni mkubwa na anapasulika vizuri. Tunayahamishia kwa mnyoo wa mbuzi kwa ujasiri kuliko ushahidi.

Ndiyo maana dau langu nimeliweka kwa funza wa hatua ya tatu, yaani mnyoo mchanga, wala si kwa mnyoo aliyekomaa. Huyu yuko malishoni, amefungwa ndani ya ganda la hatua iliyopita, hali kitu, anaishi kwa akiba. Majani yakiwa na unyevu anapanda. Akimezwa, kaboni daioksaidi ya tumbo la kwanza ndiyo inayomwamsha avue ganda. Apande lini, avue wapi: maamuzi haya ni ya mfumo wa neva, na akikosea moja hana chakula cha kumsubirisha ajaribu tena.

Funza hawa nawakuza kutoka kwenye mavi. Mwenye mbuzi au kondoo Pongwe, Muheza au Mkinga, kabla hujawanywesha dawa nitafute. Mavi yatoke kwenye mnyama mwenyewe moja kwa moja, yasiwe ya kuokota zizini, kwa sababu yaliyolala chini yameshaingiwa na minyoo wa udongo, na hao ninao wa kutosha.